Tayarisha kompyuta kabla fundi wa faiba hajabisha hodi

Fundi wa faiba akifika nyumbani hakai sana. Atavuta waya kutoka nguzoni, atatoboa ukuta, atafunga kiboksi chake, kisha atatoa simu mfukoni na kukuonyesha video inayocheza bila kukwama. Utasaini, ataondoka. Kazi yake inaishia kwenye kile kiboksi. Kompyuta iliyo mezani ni juu yako.

Kwa miaka mingi majirani hapa Dar es Salaam wamekuwa wakiniita kuwaangalizia kompyuta, na simu ninayopigiwa jioni ya siku ya kufungiwa intaneti ni ileile: "Kwenye simu inashika, kwenye kompyuta haifungui kitu." Nikienda nakuta modemu (kile kiboksi cha fundi) nzima na laini nzima. Kilichogoma ni kompyuta, kwa sababu imebeba mabaki ya kila mtandao iliowahi kuutumia: programu za modemu za kuchomeka zilizojaa mitaani baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, mipangilio ya kubana bando la simu, namba alizoingiza mtu wa ofisini miaka hiyo. Mabaki hayo hayajionyeshi mpaka siku unapochomeka waya mpya.

Kwa hiyo anza siku mbili kabla, wakati bado una bando la simu la kupakulia kitakachokosekana. Ukimpokea fundi na kompyuta uliyokwisha kuikagua, chochote kitakachogoma utajua kiko upande gani, na utamwambia akiwa bado yupo sebuleni. Nimeandika kwa mwenye Windows 10 au 11, maana ndizo nyingi majumbani.

Nakili vitu visivyorudi

Kuchomeka modemu hakufuti faili. Lakini utasasisha mfumo, utaondoa programu, na diski iliyochoka huweza kukata roho katikati ya sasisho. Nakili picha, vyeti ulivyoskani, kazi za shule za watoto na mahesabu ya biashara kwenye diski ya nje au flashi. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala uone kama kweli zinafunguka. Kisha chomoa diski hiyo uiweke kabatini, kwa sababu kirusi kinachofunga faili kikiingia hufunga na zile zilizo kwenye diski iliyochomekwa.

Angalia saa kabla ya kitu kingine

Watu hulipita jambo hili, na ndilo lililonipotezea jioni nyingi. Kuna mama mmoja jirani aliniita akiwa amekata tamaa. "Mwanangu, nimelipia mwezi mzima, siku ya nne hii sijafungua hata barua pepe." Modemu ilikuwa sawa, waya sawa, kompyuta ilikuwa imeshapata anwani. Nikatazama kona ya chini ya kioo: tarehe ilisoma mwaka 2012.

Tovuti karibu zote siku hizi zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikidhani ni 2012, kila cheti kinaonekana bado hakijaanza kazi, na kivinjari kinakataa kufungua ukurasa. Mtu huona onyo la kutisha, hudhani amedukuliwa, au hulaumu mtandao.

Chanzo ni betri ndogo ya mviringo kama sarafu, iliyo kwenye bodi kuu ya kompyuta ya mezani. Kazi yake ni kuendesha saa wakati umeme haupo. Nyingi ni aina ya CR2032, volti 3, na maduka mengi ya saa wanayo. Ili kuipima, weka tarehe sahihi, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, iache ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi ikirudi nyuma, betri imekufa. Ibadilishe huku waya wa umeme ukiwa umechomolewa, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kwenye laptopu betri hii mara nyingi imefichwa na ina waya wake, mpe fundi.

Ukiwa hapohapo hakiki ukanda wa saa. Windows haina jina la Dar es Salaam kwenye orodha yake, chagua ule wa Nairobi, UTC+03:00. Saa zetu na zao ni zilezile.

Tundu la waya, kadi ya mtandao na draiva

Geuza kompyuta uangalie matundu yake. Unatafuta tundu la waya wa mtandao (LAN), pana, lenye vijino vinane vya shaba ndani. Laptopu za zamani zina na jingine jembamba linalofanana nalo, lile ni la waya wa simu ya mezani, usilazimishe kitu humo.

Sasa shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vyote. Fungua kipengele cha "Network adapters". Hapo utafute jina la kadi ya waya, mara nyingi lina neno Realtek au Intel, pamoja na la Wi-Fi. Ukiona kishale kinachotazama chini, kadi imezimwa: bonyeza kulia uiwashe. Ukiona pembetatu ya njano, draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, haipo au imeharibika.

Draiva ndiyo sababu kubwa ya kuanza mapema. Kompyuta iliyowekwa Windows upya na kijana wa mtaani mara nyingi haina draiva ya mtandao, na huwezi kupakua draiva ya mtandao bila mtandao. Soma namba ya modeli chini ya laptopu au kwenye kasha, ingia tovuti ya aliyeitengeneza kwa simu, pakua draiva ya LAN na ya Wi-Fi, hamishia kwenye kompyuta kwa waya wa USB au flashi, kisha uziweke. Usipakue zile programu zinazojinadi kukutafutia draiva zote kwa mkupuo. Nyingi huleta matangazo, na nyingine huleta mabaya zaidi.

Laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu kabisa. Nunua kigeuzi cha USB kwenda LAN, chagua cha USB 3.0 kilichoandikwa gigabiti, ukichomeke nyumbani siku hiyohiyo uhakikishe kinaonekana kwenye orodha ile. Hata kama unapanga kutumia Wi-Fi maisha yako yote, kuwa na njia ya waya, maana waya ndio unaokuambia ukweli siku ya matatizo.

Kwa Wi-Fi, kuna amri moja yenye faida. Bonyeza tena Windows na R, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika netsh wlan show drivers. Tafuta mstari unaotaja aina za redio. Ukiona 802.11 zenye herufi b, g na n tu, bila a, ac wala ax, kwa kawaida kadi hiyo inasikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Maana yake fundi akikupa majina mawili ya Wi-Fi, lile la gigahezi 5 halitaonekana kwako, na modemu haina kosa. Katika dirisha hilohilo andika ipconfig /all, tafuta kadi ya waya, nakili kwenye karatasi namba yake ya "Physical Address". Wapo watoa huduma wanaoiandikisha.

Kuondoa mabaki ya mitandao ya zamani

Hapa tulia, usiende mbio.

Anza na programu. Windows na R, andika appwiz.cpl. Pitia orodha. Ondoa programu za modemu za kuchomeka usizozitumia tena. Nyingine hubaki zikijiwasha kila kompyuta inapowaka na kung'ang'ania kupiga simu kwenye laini isiyokuwepo. Ondoa VPN za bure ulizowahi kujaribu, zile programu zinazopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine. Kama kuna antivairasi mbili, bakiza moja. Zikiwa mbili zinagombania kukagua kila kinachopita, na kompyuta inakuwa nzito kama imebeba gunia la mchele. Kwa matumizi ya nyumbani, Microsoft Defender inayokuja na Windows inatosha, mradi inasasishwa.

Pili, angalia proksi, yaani kompyuta ya kati inayopokea maombi yako kabla hayajaenda mtandaoni. Ingia kwenye mipangilio, "Network & internet", kisha "Proxy". Kompyuta iliyowahi kuwa ya ofisini au chuoni mara nyingi imeachiwa anwani ya proksi ya huko. Ikiwa imewashwa, kivinjari hupeleka kila ombi kwenye mlango usiokuwepo nyumbani kwako. Zima proksi ya kuandika kwa mkono, ile ya kutafuta yenyewe iache ikiwa imewashwa. Lakini ikiwa kompyuta bado ni mali ya mwajiri, usiguse. Muulize mtu wao wa kompyuta kwanza.

Tatu, anwani ya kudumu. Windows na R, andika ncpa.cpl. Bonyeza kulia picha ya Ethernet, chagua "Properties", kisha ubonyeze mara mbili mstari wa Internet Protocol Version 4. Pawe pamechaguliwa kupata anwani yenyewe, juu na chini, yaani ya IP na ya DNS, huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Ukikuta namba zimeandikwa humo, zinakili kwenye karatasi kabla ya kuzifuta. Rudia kwa picha ya Wi-Fi. Hili peke yake limetatua theluthi nzima ya kompyuta nilizoitiwa.

Nne, huduma ya masasisho. Tulipokuwa tunaishi kwa bando za megabaiti mia, wengi tulizima kabisa masasisho ya Windows ili yasile bando, na mimi mwenyewe niliwazimia watu kwa nia njema. Sasa yarudishe. Windows na R, andika services.msc, shuka mpaka "Windows Update", ifungue. Ikiwa imewekwa "Disabled", ibadilishe iwe "Manual". Pia rudi kwenye mipangilio ya mtandao, kwenye Ethernet, uzime alama ya mtandao unaopimwa ("Metered connection"), ile inayoizuia Windows isipakue vitu vikubwa.

Kuna kitufe kimoja cha kufuta mipangilio yote ya mtandao kwa mara moja, "Network reset". Kinafanya kazi, lakini kinaondoa kila kitu bila kukuonyesha kilichokuwa kibovu, na huenda kikakulazimu kuandika upya nywila za Wi-Fi na kusimika upya VPN ya kazini. Kiache kiwe cha mwisho.

Ulinzi, kwa sababu sasa mlango uko wazi muda wote

Kompyuta iliyokuwa ikiingia mtandaoni nusu saa kwa siku sasa itakuwa hewani saa 24. Bonyeza Windows na R, andika winver, usome toleo lako. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4 za RAM, gigabaiti 64 za diski na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo kompyuta nyingi za zamani hazipandi. Ya namna hiyo mimi huiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, hasa ikiwa kazi yake ni kuvinjari na kuandika barua.

Hakikisha ukuta wa moto ("Firewall"), unaozuia wageni wasiingie kwenye kompyuta, umewashwa. Mpe kila mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusimika programu. Kazi ya dakika tano.

Waya, umeme na mahali pa kuweka modemu

Amua mwenyewe modemu ikae wapi kabla fundi hajaamua kwa kufuata urefu wa waya wake. Nyumba zetu ni za tofali za saruji na nguzo za zege, na Wi-Fi hupita humo kwa shida, ya gigahezi 5 kwa shida zaidi. Katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na dirisha linalovujisha mvua, ndipo pazuri. Pawe na soketi isiyo ya kugombaniwa na pasi.

Pima kutoka hapo hadi kwenye kompyuta kwa kufuata kona za ukuta, ongeza mita mbili, nunua waya wa Cat5e au Cat6. Kikomo ni mita 100, nyumba ya kawaida haifiki hapo. Kariakoo utauziwa waya wa bei rahisi sana ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Omba ncha, ukwangue uzi mmoja kwa wembe: ukitoa weupe chini ya wekundu, uache. Hukatika ukikunjwa mara chache. Kama unafunga vichwa mwenyewe, mpangilio uliozoeleka, kutoka kushoto huku kilimi cha kichwa kikitazama chini, ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pande zote mbili sawa.

Umeme wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi, lakini kila mtu anajua unavyorudi baada ya kukatika. Weka kifaa cha kulinda umeme kwa kompyuta na modemu pamoja. Modemu nyingi za faiba hutumia adapta ya volti 12. Soma kibandiko, na usiichomeke kwa adapta yoyote inayoingia tu. Kuna UPS (betri za akiba) ndogo za volti 12 zinazoendesha modemu peke yake, na ukiwa na laptopu yenye chaji utaendelea na kazi gizani.

Siku yenyewe: maswali manne

Fundi akimaliza, mwombe kwa upole asiondoke mpaka kompyuta yako imeshika kwa waya. Kwanza mtazame taa. Ile iliyoandikwa PON inapaswa kutulia bila kupepesa. Ile ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye modemu na hakuna utakachofanya kwenye kompyuta kitakachosaidia. Waya wa faiba wenyewe usiukunje kwa kona kali, na asiwepo mtoto wa kuchungulia ncha yake: mwanga wa leza uliomo hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho.

Chomeka waya wa LAN. Fungua lile dirisha jeusi uulize maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza, kompyuta imepata anwani? Andika ipconfig. Ukiona namba inayoanza na 192.168, au nyingine inayoanza na 10, imepata. Ukiona 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba bila kujibiwa. Badilisha waya, badilisha tundu la modemu, kisha urudi kwenye hatua ya anwani ya kudumu.

La pili, inaifikia modemu? Katika majibu yaleyale kuna "Default Gateway", kwa mfano 192.168.1.1. Andika ping, nafasi, kisha namba hiyo. Ikijibu, kila kilichoko kati ya kompyuta na modemu ni kizima. Hapo ndipo mpaka kati ya kazi yako na ya fundi.

La tatu, inafika nje? Andika ping 8.8.8.8. Modemu ikijibu na hii isijibu, tatizo liko kwa mtoa huduma au mbele zaidi yake. Wakati mwingine ni mbele sana: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, na hakuna waya wa sebuleni ambao ungeponyesha hilo.

La nne, majina yanatafsiriwa? Andika ping google.com. Namba zikijibu na jina lisijibu, ni DNS. Andika ipconfig /flushdns, kisha ukague tena kama hakuna DNS ya zamani iliyobaki.

Yote manne yakijibu na kivinjari bado kigome, ni proksi, VPN au saa. Umeshajua pa kuangalia.

Kuhusu kasi: rudi ncpa.cpl, bonyeza mara mbili picha ya Ethernet, usome mstari wa kasi. Ikiandika 1.0 Gbps, nyuzi zote nane zinafanya kazi. Ikiandika 100 Mbps ilhali kadi na modemu zote ni za gigabiti, kuna uzi umekatika au kichwa kimebanwa vibaya. Kwa kifurushi cha Mbps 20 hutaona tofauti, kwa cha 200 umepoteza nusu. Na usishtuke ukipakua faili ukaona megabaiti 2.5 kwa sekunde kwenye kifurushi cha 20: watoa huduma huhesabu biti, kompyuta huhesabu baiti, na baiti moja ni biti nane. Usipime kasi siku hiyo masasisho yakiwa yanashuka. Kompyuta iliyonyimwa masasisho miaka miwili itavuta magigabaiti kwa saa kadhaa. Iache ilale ikiwa imewashwa, pima kesho yake asubuhi.

Kabla fundi hajavuka kizingiti, omba jina na nywila ya kuingilia kwenye modemu yenyewe, si ya Wi-Fi pekee. Akishaondoka, andika namba ya modemu (ile ya "Default Gateway") kwenye kivinjari, ingia, badilisha nywila zote mbili, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi bila nywila. Ukibadilisha nywila ya Wi-Fi, simu za nyumba nzima zitaomba mpya, kwa hiyo fanya kabla wanao hawajarudi shuleni. Kisha chukua ile karatasi uliyoandikia Physical Address, ongeza nywila mpya, namba ya mkataba na tarehe ya kufungiwa, uifungie kwenye bahasha pamoja na ile diski ya kabatini.